Alama Nane kati ya Tisa

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu Namba Moja,

Huku sote tupo, isipokuwa goti la baba yako, hapo kwake jirani, limegeuka kuwa habari ya kila siku. Akikaa anaguna, akiinuka anaguna, na asipoguna tunakwenda kuangalia kama bado anapumua. Mkeo anaendeleaje na ujauzito? Mwambie aachane na kubeba ndoo, wewe una mikono miwili. Nimefurahi mpaka nikalia, lakini si furaha iliyonikalisha kuandika leo.

Kwanza, usinijibu kwa simu. Simu ya kiwanda ipo mezani kwa karani, na neno akilisikia saa nne, saa sita ukumbi mzima wa mashine unalo. Niandikie.

Benki imebadilika. Tangu mume wangu afariki na kuniachia kiwanda hiki cha madaftari, mimi nimekuwa nikiwaandikia "nitalipa" na wao wakiniandikia "tunasubiri", na tulikuwa tumezoeana hivyo. Mwezi uliopita wameniletea afisa mikopo mpya, mtoto mdogo, viatu vinang'aa kuliko vioo vya madirisha yetu. Ameniambia benki siku hizi haitazami sura ya mtu wala urafiki wa zamani, inatazama alama. Kampuni inaulizwa maswali tisa, majibu yanatolewa kwenye hesabu zake za mwaka, na kila jibu zuri ni alama moja. Hesabu zangu zikifungwa mwisho wa Septemba, nipate sita. Nikipata pungufu watadai mkopo wote kwa mkupuo, na kwa kuwa sina, watachukua jengo na kila mashine iliyomo. Nina watu thelathini na wawili humu ndani, mwanangu. Mzee Taratibu, yule msimamizi wa mashine anayetembea kama amebeba mayai, alianza kazi hapa kabla sijaolewa.

Nikamwuliza kijana maswali yenyewe ni yapi. Akasema, "Mama, yanajulikana." Yanajulikana na nani? Nimefundisha darasa la saba mpaka nikastaafu, na sijawahi kumwingiza mtoto kwenye mtihani bila kumwonyesha maswali ya zamani. Wewe kazi yako ndiyo hiyo, kuzipa kampuni alama mchana kutwa. Nakuwekea nakala za hesabu za miaka miwili. Niletee hayo maswali. Na uniambie ukweli kama mtu mzima: kiwanda kitapona?

Ni mimi shangazi yako, maji yamenifika shingoni.


2 Machi

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako ilinikuta mzima. Mke wangu anakusalimu sana, anasema hatimaye amepata wakili katika kesi ya ndoo. Kazini tumeongezewa mafaili mpaka chakula cha mchana nakila nimesimama. Baba mpe pole, na mwambie apunguze ngazi.

Maswali tisa nayajua kama jina langu. Manne ya kwanza yanahusu faida. Je, kampuni imepata faida mwaka huu? Je, kazi zake zimeingiza fedha taslimu kuliko zilivyotoa? Je, faida ukiilinganisha na mali yote ya kampuni imepanda kuliko mwaka jana? Na je, fedha taslimu iliyoingia inaizidi faida iliyoandikwa, maana faida ya kwenye karatasi hailipi mshahara wa mtu? Matatu yanayofuata yanapima kama kampuni inaweza kusimama: deni la muda mrefu limepungua, fedha na mali ya kuuzika upesi, ukiipima na madeni ya karibu, imeongezeka, na kampuni haikuuza hisa mpya, kwa kuwa anayeuza hisa mara nyingi ameishiwa. Mawili ya mwisho ni ya uchapakazi. Ukitoa gharama ya kutengeneza daftari, je, kinachobaki kimekua? Na ile mali uliyonayo, je, inaleta mauzo zaidi kuliko mwaka jana?

Nimezipitia hesabu zako. Umepata tatu. Fedha taslimu imeingia, kidogo lakini imeingia. Inazidi faida, kwa kuwa faida haipo. Na hukuuza hisa. Mengine sita umekosa, Shangazi. Usikasirike.

Ulilouliza mwishoni nitalijibu nikipata nafasi ya kutulia.

Mwanao.


Nyumbani, 19 Machi

Namba Moja,

Tatu! Nilisoma nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Katika maisha yangu yote ya chaki sijatoa mwanafunzi wa alama tatu kati ya tisa, hata yule mkorofi wa dirishani aliyekuwa akikoroma. Baba yako nilipomwambia alicheka mpaka goti likamkamata, ndipo akanyamaza. Mimi sikucheka. Nilishindwa hata kula.

Lakini mtihani ambao maswali yake unayo mkononi ni wa kufaulu, ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote. Nimeyaandika yote tisa kwenye ubao mdogo na kuutundika nyuma ya mlango wa ofisi, mahali ambapo karani haoni mpaka afunge mlango, na karani huyu hafungi mlango kamwe.

Nikuambie nilichofanya wiki iliyopita, ujue mwanafunzi wako si mzembe. Mzee Taratibu alikuja ofisini na wenzake watano, kofia mikononi. Akasema, "Mama, tumekaa, tumezungumza. Chama chetu cha akiba kina pesa. Tunataka tuziweke kiwandani, utupe hisa, tuwe washirika. Mwenye karatasi umlipe, na ile mashine ya pili itengenezwe. Tukizama, tuzame pamoja." Mwanangu, machozi yalinilengalenga. Pesa zile zinatosha. Ningelipa karatasi, ningefufua mashine ya pili inayokula vumbi tangu mwaka jana, shule zingepata madaftari kabla muhula haujafunguliwa na si baada. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo. Ndipo nikalikumbuka swali la saba. Hisa mpya ni alama inapotea, na mimi ninazo tatu tu! Nikawaambia, "Ahsanteni wanangu, lakini mtihani hauruhusu." Taratibu akaniuliza mtihani upi. Nikamwambia aniachie mimi. Wakatoka, wa mwisho akaufunga mlango polepole.

Niambie kama nilijibu vizuri. Na lile swali langu la Februari, tulia basi ulijibu.

Shangazi yako.


30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Mke wangu alilazwa kwa presha. Sasa yupo nyumbani, lakini daktari amemwamuru alale, hivyo mpishi ni mimi, na yeye anakula kwa adabu tu. Nilitaka kuja huko mwezi huu, haitawezekana mpaka ajifungue.

Kuhusu swali la saba, kwa kanuni ulijibu sawa. Kampuni isiyouza hisa mpya inapata alama, inayouza haipati. Kuhusu wafanyakazi wenyewe na pesa zao nina jambo la kukuambia. Nitakuandikia wiki ijayo nikiwa na akili iliyotulia.

Kwa sasa nakuomba mawili. Ukipunguza gharama, usiguse ubora wa karatasi. Na kabla hujauza kitu chochote cha kiwanda, hata meza, niandikie kwanza.

Mwanao.


Nyumbani, 21 Juni

Namba Moja,

Hiyo wiki ijayo yako imeshapita na barua sijaiona. Mkeo hajambo lakini? Kila nikipita kwenye duka la nguo za watoto nasimama, nashika kisoksi, nakirudisha. Baba yako amenunua fimbo na sasa anaelekezea watu nayo mambo yasiyomhusu.

Nina tano! Hebu nikueleze, nisifurahi peke yangu. Swali la nane nimelipata kwa karatasi. Najua ulichosema, barua yako ilifika nimeshaagiza. Nimechukua iliyo nyepesi, bei karibu nusu, na kinachobaki kwenye kila daftari kimepanda. Shule mbili zimerudisha mzigo, wanasema wino unapenya upande wa pili na watoto wanasoma maandishi ya jana juu ya maandishi ya leo. Nimewaambia wabonyeze kalamu taratibu.

La tisa ndilo lililonishangaza. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimeiuza ile mashine ya pili kwa mtu wa chuma chakavu, nikauza gari la mizigo na meza kubwa za kufungia. Sijauza daftari hata moja zaidi ya mwaka jana, mwanangu, yamepungua. Lakini mali imepungua zaidi, na ukigawanya, alama inapanda! Nilidhani nimekosea, nikapiga hesabu upya, ikaja ile ile. Nilikaa nikiutazama ubao nikasema, kumbe mtihani huu una mlango wa nyuma.

Kumi na wawili nimewapa likizo, na ni likizo isiyo na malipo. Mke wa mmoja alikuja akasimama getini asubuhi nzima. Sikutoka ofisini mpaka alipoondoka, niliona haya, nilijikunyata humo kama mwizi.

Imebaki moja tu nifike sita, lakini sijawahi kumfundisha mtoto apate ya kuponea chupuchupu. Yule mtu wa chuma ana rafiki mwenye pesa. Amekuja mara mbili kuitazama mashine kubwa ya kupiga mistari. Nikiiuza, nalipunguza deni, na la tano ni langu. Karatasi yenye mistari nitainunua tayari kwa wengine.

Safari hii nakuuliza kwanza, kama ulivyoniomba. Nijibu upesi.

Shangazi yako.


9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu amejifungua salama, ni msichana, ana sauti yako. Nilikuwa hospitali na barua yako ililala kazini wiki nyingi bila mimi kujua. Nimeisoma jana.

USIUZE MASHINE YA MISTARI. Ondoa ubao huo nyuma ya mlango. Sahau maswali. Kiwanda cha madaftari kisichopiga mistari ni stoo. Karatasi yenye mistari utauziwa na washindani wako, kwa bei wanayotaka wao, siku wanayotaka wao.

Waite Mzee Taratibu na wenzake leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Waambie umekubali. Alama itakayopotea potelea mbali. Nitakueleza yote, lakini kwanza waite.

Mwanao, nakuomba.


Kiwandani, 28 Agosti

Mwanangu,

Hongera, hongera mara nyingi! Nilipofika kwenye neno "msichana" nilipiga kigelegele peke yangu ukumbini, kikagonga kuta nne na kunirudia. Mbusu kwenye kisigino. Mama yake ale vizuri, na wewe uache kupika.

Barua yako imechelewa kunifikia. Usiulize kwa nini. Kuanzia sasa andika anwani ya kiwandani, ya nyumbani iache.

Niliipata siku mbili baada ya lori kuondoka na mashine ya mistari. Ilibidi wavunje sehemu ya ukuta kuitoa, maana mume wangu aliiingiza kabla mlango haujajengwa. Mzee Taratibu aliombwa aonyeshe jinsi ya kufungua bolti za chini, na akaonyesha. Alipomaliza akanawa mikono, akanipa ufunguo wa kabati la vifaa, akaenda nyumbani. Wengine walikuwa wameshakwenda. Sasa nipo mimi na karani, na yeye hana tena wa kumpelekea maneno, siku nzima anapiga miayo.

Usinikaripie. Nilikuuliza na ukawa kimya. Nilisubiri Julai yote. Mtu yule alisema akiondoka bila mashine harudi, na Septemba haikuwa ikinisubiri.

La tano nimelipata, na zaidi ya hapo. Deni limepungua sana, kwa sababu kuna pesa nyingine nimeiweka kutoka kwangu mwenyewe. Nimeiandika kuwa ni zawadi kwa kampuni. Ningeiandika hisa, lile la saba lingekwenda. Unaona nilivyo makini? Fedha imebaki benki, la sita nalo nimelipata. Nina saba, na mwezi mmoja mzima wa kuhangaika.

Usije. Una mtoto mchanga.

Shangazi yako.


12 Oktoba

Shangazi yangu, shikamoo.

Mtoto anakua, anakula kuliko mgeni. Mama yake ana nguvu sasa. Hayo ndiyo mema, mengine yote yananinyima usingizi.

Nilimpigia baba. Nikamwuliza, "Shangazi anakaa wapi siku hizi?" Akasema goti linamsumbua. Nikamwuliza tena, akasema goti. Barua yangu ya Agosti niliipeleka nyumbani kwako, ikafunguliwa na mikono mingine, na juu yake mtu ameandika "ihamishiwe kiwandani"; karani wako ndiye aliyenieleza nilipopiga simu ambayo ulinikataza. Zawadi uliyoipa kampuni ni ile nyumba, sivyo? Nyumba niliyokulia. Unalala wapi, Shangazi? Kwenye stoo ya karatasi?

Sasa nikuambie niliyokuficha, na unichukie ukitaka. Maswali yale tisa hayakutungwa kwa ajili ya mwenye kampuni. Yalitungwa kwa watu wanaosimama mbali, wenye kampuni elfu mbele yao, wanaotaka kuchagua bila kuingia ndani ya hata moja. Mgonjwa ukimmwagia maji ya baridi kipimajoto kitashuka, na yeye atakufa vilevile. Nilipaswa kukuandikia hivyo Machi. Nilikupa maswali kwa sababu ulitaka maswali, na mimi nilikuwa naogopa kukupa jibu.

Jibu nilikuwa nalo. Kazini tuna hesabu nyingine, inapima kama kampuni itaanguka ndani ya miaka miwili. Niliifanya siku ile ile nilipopokea nakala zako, na kiwanda kilikuwa chini ya mstari wa kupona. Mei nikaifanya tena, safari hii nikaongeza pesa za chama cha akiba. Kikavuka. Si kwa mbali, Shangazi, lakini kilivuka. Nikakaa na ile karatasi mezani nikiwaza: na kikianguka nao wakiwa ndani? Akiba ya watu thelathini na wawili ipotee kwa neno langu mimi niliye mbali, ninayelipwa mshahara kila mwezi? Nikaingiwa na woga. Nikakuandikia "wiki ijayo".

Bado kuna nafasi. Mwaka wa hesabu umefungwa, kwa hiyo hisa zikiingia sasa haziigusi alama yako ya mwaka huu. Waite leo. Fedha iliyobaki benki pamoja na yao inaweza kununua mashine ya mistari iliyotumika, nimeulizia, zipo. Usisubiri benki. Nakusihi.

Mwanao.


Kiwandani, 3 Desemba

Mwanangu,

Mtoto ameshaanza kucheka? Wa kwanza kumchekesha awe mama yake, wewe una uso wa mtu wa hesabu. Baba yako hajambo. Ndiye aliyenikataza nisikuambie habari ya nyumba, au ni mimi niliyemkataza, tumebishana mpaka hatujui tena.

Ndiyo, ni nyumba. Ndiyo, nalala stoo. Pana joto, na rafu tupu za karatasi hazikoromi.

Sikukuchukia. Nilikasirika siku tatu, nikakutukana kwa sauti mbele ya karani, kisha nikachoka. Ulinificha jibu, nami nilikuficha nyumba, na lori, na ukuta uliovunjwa.

Barua yako niliipata Oktoba hiyo hiyo. Sikuwaita, mwanangu. Sijui nikuelezeje. Nilitaka nipate matokeo kwanza, niwaendee nikiwa na kitu mkononi, si hivi hivi kama ombaomba, mimi niliyewarudisha mikono mitupu.

Afisa mikopo alikuja wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimepiga deki ofisi nzima. Alikaa, akanywa chai, akafungua hesabu zangu, akaanza kuweka vitiki kwa kalamu nyekundu. Faida ipo, kwa sababu ya mashine niliyoiuza na zawadi niliyojipa. Ukiilinganisha na mali imepanda, maana mali yenyewe iko wapi. Deni limepungua, fedha ipo, hisa hakuna, gharama imeshuka, mauzo kwa mali yamepanda. Fedha taslimu iliyotokana na kazi ipo, kwa kuwa karatasi yote ya stoo niliimaliza na wa kulipwa nimewachelewesha. Moja tu imenikosa, lile la nne, faida ya karatasi imeizidi fedha. Nane! Akainuka akanipa mkono. "Mama, alama nane. Kati ya wateja wangu wote hakuna aliyekufikia." Akasaini, mkopo umeongezwa miaka mitatu.

Nikamwambia, "Karibu nikuonyeshe kiwanda." Sijui kwa nini nilimwambia vile. Nadhani nilitaka mtu anikamate. Mlango wa ukumbini ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti chake, umefunguliwa wazi, na nyuma yake hamna kitu, sakafu, matundu ya bolti na ule ukuta tuliouziba kwa mabati. Akatazama saa. Akasema ana wateja wengine wawili, na kwamba hesabu zinajieleza.

Aliondoka nikabaki na ile karatasi yenye sahihi. Rejesho la kwanza ni mwisho wa Januari, na miezi yote inayofuata, miaka mitatu. Nikishindwa watachukua jengo, na safari hii sina cha kuuza. Ningefeli, mwanangu, mambo yangekwisha mwezi huu, ningelia mara moja. Nimefaulu, na sasa nalipia miaka mitatu kitu ambacho hakipo.

Jana ndipo nilipojikaza nikaenda kwa Mzee Taratibu. Nilikwenda kwa miguu, nikiyapanga maneno kichwani tangu getini. Nilimkuta uani anaunga mguu wa kiti cha jirani, siku hizi anatengeneza viti vya watu. Nikamwambia yote. Nikamwambia nimekubali, hisa mtapata, nusu kwa nusu, zaidi ya nusu mkitaka, leteni akiba yenu tununue mashine, benki imesaini.

Akaweka nyundo chini. Akasema, "Mama, ile pesa tumeshaila." Akanieleza polepole, kama anavyofanya kila kitu. Walianza kugawana Juni, wa kwanza wakiwa wale kumi na wawili niliowapa likizo. Wengine waliporudishwa nyumbani nao wakapewa. Kodi, dawa, unga, ada. Za mwisho waligawana mwezi wa Oktoba mwishoni. Nikahesabu kichwani, mwanangu, siku barua yako iliponifikia bado zilikuwepo.

Nilikaa kwenye kile kiti alichokuwa hajamaliza, mguu mmoja mfupi. Yeye akaniuliza, "Na ule mtihani, Mama? Uliokuwa unatuambia. Ulifaulu?"

Nikamwambia nimefaulu. Nane kati ya tisa.

Angenitukana ingekuwa nafuu. Hakuwa na kejeli hata chembe. Alitabasamu, alifurahi kweli, akamwita mkewe kutoka ndani aje anipe mkono, na yule mama akatoka akifuta unga vidoleni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Hongera sana, Mwalimu."

Njoo, mwanangu. Mlete na mtoto kama hapana wa kumwachia. Siwezi kukaa huku peke yangu.

Shangazi yako.